Vioo Sita vya Ukuta wa Ngazi

Siku Timazi alipokuta vioo vyake vimebanduliwa, nyumba nzima ilijua kabla hajamaliza kupanda ngazi. Watu wa vyumba vya chini walizima redio. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo uani aliliacha shuka lining'inie kwa kibanio kimoja, akaingia ndani na kufunga mlango. Hasira za mzee yule hazikuwa za kubisha hodi.

"Nani?" sauti yake ilijaa ngazini. "Nani kagusa ukuta wangu? Ajitokeze! Leo tutakula sahani moja!"

Hakujitokeza mtu. Nyumba ile ilikuwa na familia saba, watu thelathini na kitu, na siku nyingine usingepata dakika moja bila mtu kupita ngazini na ndoo au mtoto mgongoni. Asubuhi hiyo ngazi ilikuwa tupu. Timazi alikuwa amerudi usiku wa jana yake kutoka kwenye kazi ya wiki mbili katika mji mwingine, na alipaswa kujiuliza kwa nini majirani wanaosengenya hata paka leo wamemeza ndimi zao. Hakujiuliza. Mtu akipandwa na mori haulizi, anafoka.

Dada yake mkubwa alichungulia kutoka mlango wa ghorofani. Magoti yalikuwa yamemfungia huko juu tangu mwaka uliopita, lakini mdomo haukuwa na ugonjwa wowote. "Wewe, mdogo wangu, punguza sauti. Ukuta ukianguka utakuwa umeuangusha wewe kwa makelele."

"Si ndicho wanachokitaka? Mhandisi anakuja keshokutwa! Keshokutwa, dada! Nitamwonyesha nini?"

Dada aliurudisha mlango nusu. "Nenda kwenye ofisi ya wale wa miwani," alisema. "Kamuulize binti yako. Mimi simo."

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake akiwa kijana, na halikuwa la sifa. Timazi ni ile kamba yenye chuma kizito mwishoni ambayo mwashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Yeye aliining'iniza kwenye kila kitu. Aliwapimia wenzake kuta zao bila kuombwa. Aliwapimia majirani milango. Siku moja alilipimia kabati jipya la shemeji yake, tena mbele ya wageni wa harusi, akatangaza kwamba limeinama vidole viwili. Shemeji hakumsemesha kwa miaka minne, na Timazi mpaka leo anasema kabati lilikuwa limeinama.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na chokaa, mali ya halmashauri ya mji, kongwe kuliko mtu yeyote aliyeishi humo. Timazi alizaliwa katika chumba cha chini ya ngazi, akaoa humo, akafiwa na mke humo. Ukuta wa ngazi ndio uliobeba nyumba: ngazi ziliegemea pale, na nusu ya paa pia. Miaka kumi na moja iliyopita wachimba mabomba walichimba mtaro karibu mno na msingi, na ukuta ukapasuka kuanzia juu ya mlango wa chini hadi pale ngazi inapopinda. Mhandisi wa halmashauri alikuja, akautazama ufa, akasema watu wote wahame. Timazi akasema ukuta umeshtuka tu, umekwisha kutulia. Walibishana mchana kutwa. Mwisho wakakubaliana kuuliza ukuta wenyewe.

Ndipo Timazi alipoweka vioo. Vilikuwa vipande sita vya kioo chembamba, kila kimoja urefu wa kidole. Ncha moja aliizamisha kwenye bonge la plasta upande huu wa ufa, ncha ya pili upande wa pili, na kwenye plasta akachora tarehe na jina lake kwa msumari. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata upana wa unywele, kioo kinakatika, na kila mtu anaona. Kikikaa kizima, ukuta umetulia. Kazi hiyo haihitaji umeme wala digrii.

Majirani walipoona ufa umeachwa wazi, walimwimbia ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Timazi aliichukia methali hiyo kuliko alivyowachukia wachimba mabomba. "Aliyeitunga hakuwahi kushika mwiko," alikuwa akisema. "Ufa ni mdomo wa ukuta. Ukiuziba kabla haujamaliza kusema, siku moja utakuangukia bila neno."

Miaka kumi na moja vioo vikakaa vizima. Mhandisi hakurudi kuvitazama hata mara moja, maana ofisi zina kuta nyingi na miguu michache. Lakini mwaka huu halmashauri ilitaka jibu la mwisho: nyumba itengenezwe, au ivunjwe. Mhandisi alipiga simu mwenyewe. "Mzee, nikikuta vioo vyote sita vizima, kalamu yangu itaandika itengenezwe. Nisipovikuta vizima, usinilaumu." Timazi alicheka kwenye simu ile. Alikwenda kufanya kazi mji mwingine akiwa na moyo mweupe, kwa kuwa shahidi wake hakuwa wa kununuliwa.

Sasa shahidi alikuwa nyuma ya mapipa ya taka. Timazi alivikuta huko, ndani ya mfuko mweusi, pamoja na vibanio vya nguo na ndoo mbovu. Vyote sita vilikuwa vipande vipande, na kwenye plasta kulikuwa na meno ya tindo, ile patasi ya chuma ya waashi. Alichuchumaa pale na mfuko mapajani. Kioo kilichovunjwa na tindo na kioo kilichovunjwa na ukuta vinafanana kama sarafu mbili. Hakuna mhandisi duniani atakayevitofautisha, na hata angeweza, hakuna ofisi itakayomsikiliza.

Ofisi ya wale wa miwani ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo jipya, na lifti yake ilikuwa na kioo kikubwa ambamo Timazi alijiona, suruali ya chokaa na macho mekundu. Huu ulikuwa mradi wa kupiga picha nyumba za zamani kwa mtambo wa leza, ili watu wa nchi nyingine wavae miwani wakiwa kwao na kutembea ndani yake kana kwamba wamefika. Binti yake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, alikuwa ameajiriwa hapo kama msaidizi na mkalimani. Timazi alijivunia jambo hilo kwa kiasi cha kuchosha watu. Mtoto wake alijua lugha ya wageni, na alikuwa akiipeleka nyumba yao duniani.

"Mzee wetu!" Meneja alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa sauti laini na viatu vyeupe. "Umekuja siku ya bahati. Tuna majaribio, wageni wa nchi tatu wamo ndani ya nyumba hivi sasa. Ingia na wewe!"

"Nimekuja kuuliza jambo."

"Utauliza ukiwa ndani. Kitinda, mvishe baba miwani."

Kitinda alikuja. Hakumsalimia baba yake jinsi alivyozoea. Alisema "shikamoo" akiitazama miwani, akamfunga mkanda kisogoni kwa vidole vya baridi. Timazi hakuliona hilo. Mara ofisi ikatoweka, naye akawa amesimama mlangoni mwa nyumba yake.

Nisiseme uongo, kwa dakika moja hasira ilimtoka. Mawe yalikuwa yale yale. Ngazi ilikuwa na lile jiwe la tatu lililolika katikati. Alinyoosha mkono kuligusa, mkono ukapita hewani, akayumba, Kitinda akamdaka kiwiko.

Kisha akaanza kuona kisichokuwepo. Uani hapakuwa na kamba za nguo. Mlangoni hapakuwa na kandambili hata moja. Alitazama juu, kwenye chumba cha dada yake, na chumba kilikuwa sakafu tupu na dirisha. Zile siku mbili nyumba ilipopigwa mtambo, yeye akiwa safarini, wapangaji walitolewa nje na vitu vyao vyote, na dada alibebwa kwenye kiti na wanaume wanne ili nyumba ipendeze. Sauti tamu ya kurekodiwa ikamwambia sikioni: "Hapa ndipo familia za zamani zilipoishi."

"Zilipoishi?" Timazi alifoka ndani ya miwani. "Nani amekufa? Mimi nimelala humo jana!"

Kando yake ilisimama sura ya mtu ya rangi ya kijivu, isiyo na uso, kama sanamu ya udongo isiyomalizwa. Alikuwa mmoja wa wageni. Ilikuwa imeinamia ukuta wa ngazi. Ikasema kitu kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na Kitinda akatafsiri.

"Anasema yeye ni mwashi. Anatengeneza nyumba za mawe huko kwao, na baba yake alikuwa mwashi. Anauliza, hizi alama za plasta mbili mbili kwenye kingo za ufa... palikuwa na vioo?"

Timazi aliigeukia ile sura. Katika habari yote ya miwani na ya kupeleka nyumba duniani, mtu wa kwanza kuuliza swali la maana alikuwa sanamu. "Mwambie ndiyo. Sita. Miaka kumi na moja, na vyote vizima."

Mwanamke alicheka kwa furaha aliposikia. "Anasema hata kwao wanaweka," Kitinda alisema, "ila wao huandika tarehe kwa wino juu ya kioo. Anasema ukuta uliotulia miaka kumi na moja ni wa kuolewa nao. Anauliza viko wapi sasa."

"Mwambie vimebanduliwa na mshenzi mmoja."

Kitinda alirekebisha mkanda wa miwani kisogoni kwake.

"Tafsiri!"

Kitinda akatafsiri. Jibu lilikuja kwa ukali ambao haukuhitaji mkalimani. "Anasema... anasema aliyefanya hivyo si fundi. Anasema mtu huyo asikaribie tena nyumba ya watu."

"Umesikia? Huyo ndiye mtu! Mwambie nakubaliana naye. Muulize, kwao mtu wa namna hiyo anafanywa nini?"

Kitinda alisema maneno mengi, mengi kuliko swali. Katikati alikosea neno, akaanza upya. Alipomaliza, ile sura ya kijivu ilisogea nyuma kutoka ukutani.

"Mbona ndefu?" Timazi aliuliza. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni mimi, baba."

Timazi aliivua miwani. Mkanda ulimnasa sikioni, akauvuta mpaka ukakatika. Mtoto wake alikuwa amesimama mbele yake na mikono nyuma, kama alivyosimama akiwa na miaka saba na kikombe kimevunjika.

"Wewe?" alisema. "Wewe uliyenishikia taa nilipovibandika? Ningesema ni watoto wa wageni. Ningesema ni mlevi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Mzee, ulikuwa utaratibu wa kazi," Meneja aliingilia. "Kioo kinarudisha mwanga, mtambo unapata doa. Mimi niliagiza kila king'aacho kiondolewe."

"Kwa hiyo mmemuua shahidi kwa sababu anang'aa! Na wewe," akamgeukia Kitinda, "yeye hakujua. Wewe ulijua."

"Nilidhani mtambo unatosha." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyafuta. "Unapima hadi unywele, baba. Nilisema vile vioo ni mambo ya zamani, sasa tuna kitu bora."

"Unapima leo! Ulipima juzi? Ulipima mwaka juzi, na mwaka wa tano nyuma yake? Nilichokuwa nacho pale hakikuwa kioo. Kilikuwa miaka! Umechukua tindo yangu, maana najua ni yangu, ukabandua miaka yangu kumi na moja ukaitia kwenye mfuko wa taka!"

Kitinda alimgeukia Meneja. "Tupime tena baada ya miezi michache, tulinganishe. Tutaonyesha kama umesogea."

"Mtambo umeshaondoka nchini," Meneja alisema. "Haurudi. Lakini mzee, usifadhaike. Hata likitokea la kutokea, nyumba yenu haipotei tena. Imehifadhiwa milele humu ndani."

Timazi aliitazama ile miwani mezani, kisha akamtazama yeye. "Dada yangu ana magoti mabovu," alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Atalala kitanda gani humo ndani?"

Meneja alitabasamu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wake. Timazi alishuka ghorofa nne kwa miguu.

Alhamisi, siku ya ahadi, mhandisi alifika saa tatu, ameota mvi na amebeba faili. Wapangaji walijipanga uani bila kuitwa. Timazi alimweleza yote, kwa kifupi, bila kumtaja mtu, akamfungulia mfuko wa vipande. Mhandisi alivitazama, akatikisa kichwa.

"Mzee, hivi ni vioo vilivyovunjika."

"Najua ni vioo vilivyovunjika! Sijapofuka!"

"Ofisini wataona hivyo hivyo nionavyo mimi."

Ndipo Kitinda alipotokea getini, na karatasi mkononi. Watu walimpisha. Hakumtazama baba yake. "Mimi ndiye niliyevibandua," alimwambia mhandisi. "Vilikuwa vizima vyote sita. Nilivipiga tindo kimoja kimoja, na kila kimoja kilinitoa jasho. Nimeandika na kusaini."

"Wewe ni nani?"

"Binti yake."

Mhandisi alishusha pumzi. "Binti anamtetea baba. Unajua hiyo itachekwaje?"

"Simtetei. Hata hasemi nami. Nimekuja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Na mwajiri wako anajua umeandika hivi?"

"Anajua. Mpaka jana alikuwa mwajiri wangu."

Mhandisi aliisoma karatasi mara mbili, kisha akatoa nyingine kutoka kwenye faili, yenye nembo ya rangi. "Nami ninayo ya kuwasomea, maana sipendi kumzunguka mtu. Hii ni barua ya mradi kwa wakubwa wangu. Inasema jengo hili limehifadhiwa kikamilifu. Wakubwa wameifurahia. Wanasema kilichokwisha kuhifadhiwa hakina haja ya kugharimiwa mara ya pili."

Uani kukawa na mnong'ono. Sasa kila mtu alielewa alichofanyiwa siku zile mbili alipoombwa kwa heshima asogeze kitanda chake. Mama wa mashuka alisema tusi ambalo sitaliandika.

"Basi waambie wakubwa wako," Timazi alisema, na mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, "wahamie wao humo ndani ya miwani. Na wake zao, na masufuria yao. Dada yangu atahamia kwao!"

"Nipewe chumba chenye dirisha!" dada aliitikia kutoka juu.

Hakucheka mtu ila mhandisi, kidogo. Alipanda ngazi peke yake. Aliweka kiganja juu ya ufa, akafuata urefu wake wote, akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alichukua muda mrefu hata watoto wakachoka na kukaa chini.

"Mimi nasaini ukuta," alisema aliposhuka. "Barua ya mradi siifuati. Lakini miaka kumi na moja sikuiona kwa macho yangu, siwezi kuiandika. Naandika miezi sita ya kuupima. Vioo vipya, leo, mbele yangu. Nitakuja kila mwezi. Kimoja kikikatika, watu wote watoke siku hiyo hiyo, na nisisikie habari ya tindo."

"Miezi sita!" Timazi alilipuka. "Nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe unanirudishia miezi sita!"

"Pokea!" dada alipiga kelele. "Pokea wewe, kabla hajaghairi!"

Alipokea. Alikwenda chumbani kwake chini ya ngazi, akatoa kioo kipya na mfuko wa plasta, akakata vipande sita huku akijisemea maneno yasiyofaa. Plasta ya namna ile hushika upesi, na kioo kinataka mtu wa pili wa kukishikilia kisiteleze. Timazi alitazama huku na huku. Kitinda alikuwa amekwisha kupanda, amesimama kando ya ufa, mikono mitupu.

"Shika," alisema Timazi.

Walibandika cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, na katika muda huo wote maneno ya Timazi kwa binti yake yalikuwa "juu", "chini", na "usitetemeke". Mhandisi alisimama nyuma yao na faili lake. Kwenye cha sita Timazi alimpa Kitinda msumari.

"Andika tarehe."

Akaandika.

"Na jina lako. Kikikatika, wajue pa kuanzia kuuliza."

Kitinda aliandika jina lake lote, polepole, kwenye plasta mbichi. Herufi zilipanda upande kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alisubiri, msumari mkononi.

"Na lako, baba?"

"Langu ulilitoa kwa tindo," Timazi alisema, akachukua ndoo na kushuka kwenda kuosha mwiko.